Nani Analipa? Pesa ya kusomea hesabu, kutoka Dar hadi Alum Rock

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongelea pesa ya chuo, na kama kawaida muda ukatuishia pale mambo yalipoanza kunoga. Msikilizaji mmoja alikuwa ameuliza: je, kuna pesa maalumu kwa mtu anayetaka kusomea hesabu? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ni historia, na ndiyo hii hapa.

Tumchukue kijana wa kufikirika. Ana miaka 17, anakaa Alum Rock, mitaa ya nyuma ya Alum Rock Road. Barabarani anasikia Kiurdu, Kipashto, Kisomali. Kiswahili anakisikia ndani ya nyumba, na kwenye simu za usiku za mama yake. Hesabu anaziweza, tena anazipenda. Nyumbani anaambiwa maneno ambayo wengi wetu tuliambiwa: "Wewe soma tu, mwanangu. Mwenye akili hakosi pesa."

Ni maneno ya upendo, lakini historia haiyaungi mkono. Pesa ya kusomea hesabu haijawahi kufuata akili peke yake. Kila zama iliweka mtihani wa pili pembeni ya ule wa hesabu. Mara mtihani huo ulikuwa Kiingereza, mara utii kwa taifa, mara dini, mara anwani, mara karatasi za uhamiaji. Na kuna jambo lingine: pesa nyingi iko juu, kwa wale walioshaingia. Mlango wa chini, ule wa digrii ya kwanza, ndio mwembamba. Hayo mawili ukiyashika, utaelewa kwa nini watu wenye akili sawa wanafika mbali tofauti.

Tuelewane maneno kwanza

Kwenye WhatsApp ya familia kila kitu kinaitwa "skolashipu". Kumbe ni vitu tofauti. Ruzuku ni pesa unayopewa na hurudishi. Kwa kawaida wanaangalia kipato cha nyumbani. Skolashipu, au ufadhili, nayo hurudishi, ila unaishindania. Mkopo unarudisha, na mara nyingi kuna nyongeza juu yake. Nyongeza hiyo ndiyo riba. Halafu kuna mchango, ambao haumo kwenye sheria yoyote lakini ndio uliosomesha nusu ya wajomba zetu.

Jengo la Watson na kijana aliyefeli

Ukitoka Alum Rock unapanda basi hadi mjini, kisha unachukua treni New Street hadi stesheni ya University. Hapo Edgbaston, ndani ya Chuo Kikuu cha Birmingham, kuna jengo linaloitwa Watson. Ndiko iliko idara ya hesabu. Limepewa jina la G. N. Watson, aliyekuwa profesa wa hesabu Birmingham kuanzia 1918 hadi 1951.

Watson alitumia miaka mingi ya maisha yake kusoma madaftari ya mtu mwingine: Srinivasa Ramanujan, Mhindi aliyefariki 1920 akiwa na miaka 32. Ramanujan aliandika maelfu ya majibu ya hesabu bila kuonyesha njia, na Watson ni mmoja wa waliokaa chini kuyathibitisha moja moja. Watson alipofariki mwaka 1965, kwenye karatasi zake zilikuwemo kurasa za Ramanujan ambazo dunia haikuzijua. Zikapelekwa Trinity College, Cambridge. Mwaka 1976 mwanahesabu George Andrews akazikuta huko, na leo zinajulikana kama daftari lililopotea la Ramanujan.

Hiyo ndiyo hadithi wanayopenda kuisimulia. Sasa tuangalie upande wa pesa.

Mwaka 1904 Ramanujan aliingia chuo cha serikali cha Kumbakonam akiwa na skolashipu. Akazama kwenye hesabu, akaacha masomo mengine, akafeli, Kiingereza kikiwemo. Skolashipu ikaondolewa. Akajaribu chuo kingine Madras, akafeli tena kwa sababu ile ile. Kijana huyu, ambaye vitabu vya hesabu duniani vinamtaja mpaka leo, hakupata digrii ya kawaida huko kwao. Mwaka 1912 alikuwa karani wa bandari ya Madras, kwa rupia 30 kwa mwezi.

Januari 1913 alimwandikia barua G. H. Hardy wa Cambridge. Hardy alipoelewa anachokisoma, mambo yakabadilika haraka. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Madras kikampa rupia 75 kwa mwezi za utafiti. Mwaka 1914 akasafiri kwenda Uingereza kwa skolashipu ya pauni 250 kwa mwaka. Na sehemu ya pesa hiyo alipanga iende kwa wazazi wake. Ndiyo, hata Ramanujan alikuwa anatuma pesa nyumbani.

Angalia mpangilio wake. Chini, akiwa kijana asiye na jina, alinyang'anywa pesa kwa kufeli masomo mengine. Juu, baada ya mtu mwenye jina kumwona, pesa ikamkimbilia. Akili yake ilikuwa ile ile. Na kati ya 1907 na 1912 hesabu ingeweza kumpoteza kabisa.

Kijiji kinachanga

Turudi Afrika Mashariki, kwa babu na bibi zetu.

Hadi miaka ya 1950, mtu wa kwetu aliyetaka digrii alikuwa na njia chache sana. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi, na ilipoanza kutoa digrii zilikuwa ni digrii za Chuo Kikuu cha London. Dar es Salaam, chuo kilifunguliwa 1961 kikiwa na sheria tu. Aliyetaka hesabu ilibidi afunge safari.

Kenya waliipata njia yao kwa ndege. Mwaka 1959 Tom Mboya aliandaa safari iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani. Wengi wao walikuwa tayari wameshapata nafasi vyuoni, na wengine skolashipu. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Yaani mlango umefunguliwa, lakini uko ng'ambo ya bahari. Mboya akazunguka Marekani kutafuta wafadhili, na mwaka 1960 taasisi ya familia ya Kennedy ikaahidi dola 100,000 ili ndege ziendelee. Huku vijijini familia zikauza ng'ombe, zikachanga. Kabla neno harambee halijawa la serikali mwaka 1963, mambo yenyewe yalishakuwepo.

Uingereza nayo ilikuwa na mlango wake. Mpango wa skolashipu za Jumuiya ya Madola ulikubaliwa 1959, na wanafunzi wa kwanza wakaanza 1960. Mpango huo upo mpaka leo, na tangu mwanzo umeegemea zaidi shahada za juu. Tena yale yale: pesa iko juu.

Baada ya uhuru, Tanganyika na baadaye Tanzania iliamua serikali ibebe gharama za chuo. Lakini bure ile ilikuwa na masharti. Nyerere alitoa mfano unaokumbukwa mpaka leo: wanafunzi wa chuo ni kama kijana ambaye wanakijiji wenye njaa wamempa chakula chao chote cha akiba, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea chakula. Asiporudi, ni msaliti.

Oktoba 1966 mfano huo uligongana na maisha. Serikali ilitaka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Dar wakaandamana hadi kwa Mwalimu. Nyerere alikasirika, akawarudisha nyumbani karibu 400, na palepale akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Mtihani wa pili wa zama zile ndio huo: hesabu unaziweza, sawa, lakini je, utalitumikia taifa?

Tusiikejeli bure ile, hata hivyo, maana ilizaa watu. Verdiana Masanja, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1954, alimaliza digrii ya hesabu na fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, akaendelea na shahada ya uzamili hapo hapo, kisha akapata PhD yake Berlin miaka ya 1980. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata PhD ya hesabu. Kila mara mtu akikuambia hesabu si za wasichana wa kwetu, mtajie jina hilo.

Miaka ya 1990 bure ikaisha. Wakaiita kuchangia gharama. Kenya iliunda bodi ya mikopo, HELB, mwaka 1995. Tanzania ilitunga sheria ya bodi yake mwaka 2004, na bodi ikaanza kazi Julai 2005. Binamu yako wa Dar au Tanga ukimtajia neno "Bodi" anajua unasema nini. Hata humo hesabu ina kiti chake: miongozo ya Bodi imekuwa ikiwapa kipaumbele wanaosomea ualimu wa hisabati na sayansi, kwa sababu walimu hao hawatoshi.

Siku mbili au miaka mitatu

Wakati huo huo Uingereza ilikuwa na neema ambayo vijana wa leo hawaamini wakisimuliwa. Sheria ya Elimu ya 1962 iliyalazimisha mabaraza ya miji kumlipia mwanafunzi. Ukipata nafasi chuoni, na ukiwa na alama zinazotakiwa, baraza linalipa ada na kukupa ruzuku ya kujikimu kulingana na kipato cha wazazi. Mkopo haukuwepo. Mtoto wa mfanyakazi wa reli wa Saltley aliweza kusomea hesabu bila deni hata la senti moja.

Ila kulikuwa na sharti: lazima uwe mkaazi wa kawaida wa Uingereza kwa miaka mitatu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waingereza wao walitaka miaka mitatu kabla hawajakupa kitabu. Na mwaka 1967 serikali iliweka ada mbili tofauti: wa nyumbani karibu pauni 70, wa kutoka nje 250. Mwaka 1979 serikali ya Thatcher ikatangaza kwamba wageni watalipa gharama kamili, kuanzia mwaka uliofuata. Kuanzia hapo, neno moja kwenye faili lako, "nyumbani" au "nje", likawa na thamani kubwa kuliko alama zako za hesabu.

Nani ni wa nyumbani basi? Swali hilo lilifika House of Lords, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa mahakama ya juu kabisa. Mwaka 1982 iliamuliwa kesi ya Nilish Shah na wanafunzi wenzake dhidi ya mabaraza yaliyowanyima ruzuku, Barnet likiwa mojawapo. Shah ni jina ambalo Nairobi hulikosi. Mabaraza yalisema: hawa wamekuja kusoma, hawaishi hapa kwa maana ya kuishi. Lord Scarman akasema hapana. Mkaazi wa kawaida ni mtu aliyechagua kuishi mahali kwa hiari na kwa kusudi la kutulia, hata kama kusudi hilo ni kusoma, na hata kama ni kwa muda tu. Wanafunzi wakashinda.

Ushindi haukudumu. Mwaka 1983 serikali ilibadilisha kanuni: miaka uliyokaa Uingereza kwa ajili ya kusoma tu haihesabiki. Lakini maneno ya Scarman kuhusu maana ya kuishi mahali bado yanatumika mahakamani leo, na yamewasaidia watu wengi ambao hawajawahi kulisikia jina la Shah.

Kutoka ruzuku hadi deni

Kilichofuata ni mteremko, na tarehe zake zinafaa kukumbukwa. Mwaka 1990 mikopo ikaingia, ikiongezewa juu ya ruzuku. Mwaka 1998 ada ya pauni 1,000 ikaanza, na mwaka uliofuata wanafunzi wapya hawakupata tena ruzuku ya kujikimu. Mwaka 2006 ada ikafika hadi 3,000, ingawa ruzuku ilirudishwa kwa wenye kipato kidogo.

Hapo ndipo tunapoingia sisi, tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Tulikuwa na EMA, pauni hadi 30 kwa wiki kwa mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 kutoka nyumba yenye kipato kidogo. Pauni 30 zilikuwa basi, chakula cha mchana na kikokotoo. Kwa nyumba nyingi ndizo zilizokuwa tofauti kati ya kubaki na A level na kwenda kupanga bidhaa madukani. England iliifuta mwaka 2011. Mwaka 2012 ada ikapanda hadi 9,000. Mwaka 2016 ruzuku ya kujikimu ya chuo, iliyokuwa imefika hadi pauni 3,387 kwa mwaka, ikafutwa tena kwa wanafunzi wapya. Kwa hiyo wenye familia maskini zaidi ndio wanaotoka chuo na deni kubwa zaidi, maana ndio waliohitaji kukopa zaidi ili wale.

Na mtihani wa karatasi uliendelea. Miaka ya 2000 serikali iliwatawanya waomba hifadhi kutoka London kwenda miji mingine, Birmingham ikiwemo. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wengi waliletwa huku hivyo. Watoto wao walikulia hapa, wakafanya GCSE hapa, wakaongea kama watu wa hapa. Kisha wakiwa na miaka 18 wakagundua kwamba kibali cha muda cha kukaa hakitoshi kupata mkopo wa serikali. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi alikuwa sawa. Wengi wenye vibali vya aina nyingine walikwama.

Aliyelifungua fundo hilo alikuwa mwanafunzi aliyezaliwa Zambia, Beaurish Tigere. Alikuja Uingereza mwaka 2001 akiwa na miaka sita. Julai 2015 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba kumnyima mkopo kwa sababu tu hana kibali cha kudumu ni kukiuka haki zake. Baada ya hapo kanuni zikapanuliwa. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji kuwa ameishi Uingereza miaka saba. Mwenye 18 au zaidi, nusu ya maisha yake au miaka 20. Na wote wawe na miaka mitatu ya mwisho ya ukaazi halali.

Tigere hakuwa mwanahesabu. Lakini kila mwanahesabu kijana mwenye karatasi kama zake amepita kwenye mlango alioufungua.

Hesabu ya riba

Sasa turudi Alum Rock, kwenye mtihani ambao haumo kwenye fomu yoyote.

Mtaa huu sehemu kubwa ni Waislamu, na familia nyingi za Waswahili waliomo humu ni hivyo hivyo. Kwa nyingi ya familia hizo mkopo wenye riba ni haramu, basi. Wapo masheikh wanaosema mkopo wa chuo una hali ya pekee, wapo wanaosema riba ni riba. Sitaamua hapa, si kazi yangu. Ila tuzione namba zenyewe, maana tunaongea na watu wa hesabu.

Ada ya mwaka wa masomo 2025/26 England ni pauni 9,535. Kwa miaka mitatu ni 28,605, kabla hujala. Aliyeanza chuo 2023 au baadaye analipa asilimia 9 ya mshahara unaozidi pauni 25,000, na baada ya miaka 40 kilichobaki kinafutwa. Deni linakua kwa kasi ya mfumuko wa bei. Chukua mtu anayepata 30,000 kwa mwaka. Ziada ni 5,000, asilimia 9 yake ni 450, yaani pauni 37.50 kwa mwezi. Mshahara usipobadilika, kwa miaka 40 atakuwa amelipa 18,000. Hajafika hata kwenye ada peke yake.

Wapo wanaosema kwa hiyo huu ni kama kodi, si mkopo. Kwa hesabu wana hoja. Lakini aliyepata kazi nzuri London atalipa yote, pamoja na nyongeza. Na kwa mama anayesema "nyumba hii haitaingia riba", jina la kitu lina uzito wake. Kukopa harusi, kulipa matanga; na kwake yeye matanga yenyewe yanaendelea mpaka akhera.

Serikali inalijua jambo hili kitambo. Mwaka 2014 iliuliza maoni ya wananchi kuhusu mfumo usio na riba, ambapo wanafunzi wanachangia mfuko mmoja kwa kusaidiana. Majibu yalikuwa karibu 20,000. Sheria ya elimu ya juu ya 2017 ikaipa serikali uwezo wa kuuanzisha. Tangu hapo waliokuwa na miaka 17 wamefikisha 25, wakifanya kazi mwaka mzima ili walipe muhula mmoja, au wakiacha chuo kabisa, wakisubiri.

Mtu asidhani ni mambo ya Waislamu tu. Mwaka 1837 Myahudi mmoja, James Joseph Sylvester, alishika nafasi ya pili kwenye mtihani mkuu wa hesabu wa Cambridge. Hakupewa digrii wala hakuruhusiwa kugombea tuzo na nafasi zilizokuwa na pesa, kwa sababu hakukubali kutia sahihi imani ya Kanisa la England. Alikuja kuwa mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne yake, na sehemu ya kazi yake akaifanya Marekani. Cambridge na Oxford ziliondolewa masharti hayo ya dini mwaka 1871. Hakuna aliyemwambia Sylvester hana akili. Walimwambia pesa na digrii zipo, tia sahihi tu. Tofauti ya leo ni kwamba hakuna anayekulazimisha. Fomu iko wazi kwa wote, na wewe ndiye unayeshindwa kuijaza.

Pesa iko juu

Sasa jibu la msikilizaji wetu. Pesa ya hesabu ipo, lakini angalia iko wapi.

Ukifika PhD, mabaraza ya utafiti ya Uingereza yanakulipia ada na kukupa posho. Mwaka 2025/26 posho hiyo haipungui pauni 20,780, haikatwi kodi, na hurudishi. Haina riba. Kwa shahada ya uzamili na PhD za hesabu kuna pia Martingale Foundation, inayowalenga hasa vijana wa familia zenye kipato kidogo. Kule nyumbani kuna AIMS, taasisi ya sayansi za hesabu iliyoanzishwa karibu na Cape Town mwaka 2003 na Neil Turok, ambaye familia yake ilipokimbia ubaguzi wa Afrika Kusini aliishi Dar es Salaam akiwa mtoto. AIMS ilifika Tanzania 2014 na Rwanda 2016, na uzamili wake unalipiwa kila kitu. Ukitaka kuwa mwalimu wa hesabu England, mwaka wa mafunzo 2025/26 una ruzuku ya pauni 29,000.

Hiyo ya walimu ina mizizi hapa hapa. Mwaka 1852 kilifunguliwa chuo cha ualimu cha St Peter's, Saltley, jirani kabisa na Alum Rock Road. Kilifungwa 1978, na majengo yake bado yapo. Karne ile serikali ililipia vijana wasio na uwezo kuingia vyuo vya namna hiyo, kwa sababu ile ile: walimu hawatoshi. Na kwa kuwa kilikuwa chuo cha Kanisa, mtihani wa pili wake unaweza kuukisia.

Orodha yote hiyo inaanza baada ya digrii ya kwanza. Chini yake ni mikopo, pamoja na misaada ya vyuo vyenyewe. Misaada hiyo ya vyuo usiidharau. Birmingham ina msaada wa Chamberlain kwa wenye kipato kidogo, na vyuo kadhaa nchini vina skolashipu za hifadhi kwa waomba hifadhi ambao serikali haiwakopeshi. Na chini zaidi, kwa miaka 16 hadi 18, mwaka 2023 ilifunguliwa Aston University Mathematics School mjini hapa, shule ya serikali isiyo na ada. Ni hatua. Lakini nafasi ni chache, na mtoto wa Alum Rock anatakiwa kujua mapema kwamba ipo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukikaa mezani na mama kuzungumzia chuo, msiishie kwenye alama. Ulizeni mambo matatu. Karatasi zangu zinanihesabu wa nyumbani, na kwa kanuni ipi? Msaada gani wa chuo haurudishwi, na mwisho wa kuomba ni lini? Na kama mkopo haumo, tunavukaje miaka mitatu ya kwanza: kukaa nyumbani, kazi, mchango, au vyote? Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, uipeleke kwa mtu anayejua sheria. Shah alikataliwa. Tigere alikataliwa. Kanuni zinazotutawala leo zimebeba alama za watu waliosema "hebu nionyesheni imeandikwa wapi".

Na wakubwa mnaosoma haya kwa simu za watoto wenu, shikamooni. Kwenu ni swali moja tu: ya kwenu nani alilipa? Serikali, kanisa, msikiti, mjomba, ng'ombe wa babu? Wasimulieni, na msiwaambie tena kwamba mwenye akili hakosi pesa. Wengi walikosa, na hesabu zao hatutaziona kamwe.